Bembea Iliyozidi Ua Wetu

Nyuma ya nyumba yetu, hapa Tabata, kuna ua ambao ukiupima ukuta kwa ukuta unapata mita 5 kwa 6.5, lakini ukiondoa kona ya tangi la maji, mfuniko wa chemba na njia ya kwenda stoo, kinachobaki kwa watoto ni mita 4 kwa 6. Mwaka jana nililijaza eneo hilo kwa bembea ya chuma bila kupima kitu kingine zaidi ya nafasi ya miguu yake minne, na kosa hilo lilimfikisha mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka mitatu, kwenye zahanati, akashonwa nyuzi mbili juu ya nyusi.

Bembea yenyewe haikuwa mbaya. Niliiona kando ya barabara kwa fundi wa kuchomelea, imesimama kati ya mageti na vitanda vya chuma, na fundi akanihakikishia, "Dada, hii hata ukimpandisha ng'ombe haitikisiki." Alisema kweli. Mabomba yalikuwa mazito, kila mguu tuliumwagia zege, na haikutikisika hata siku moja. Ambalo mimi na yeye hatukulifikiria ni kwamba bembea inahitaji nafasi ya kwenda na kurudi. Mwamba wake wa juu ulikuwa mita 2 kutoka ardhini, na miongozo ya Marekani ya usalama wa michezo ya watoto nyumbani, niliyoisoma baadaye nikiwa nimeshachelewa, inataka nafasi tupu ya mbele iwe mara mbili ya kimo cha mwamba, na ya nyuma vivyo hivyo. Kwa bembea yetu hiyo ni mita 4 mbele na mita 4 nyuma, yaani mita 8 katika ua wenye urefu wa mita 6. Mkubwa, mwenye miaka mitano, alipojifunza kujisukuma mwenyewe, nyayo zake zilianza kugusa ukuta, jambo alilolifurahia mno, na aliporudi nyuma alifika karibu hatua moja tu na mlango wa jikoni. Mdogo wake akatoka jikoni na kikombe cha uji mkononi.

Bembea tulimpa shemeji anayeishi Kibaha, ambaye ua wake ungeweza kumeza nyumba yetu na ya jirani. Sisi tulibaki na mashimo manne ya zege na watoto wawili wanaouliza kila asubuhi kitakuja nini badala yake.

Safari hii baba yao alitaka tuchore kwanza. Tulichukua chokaa tukachora chini, si umbo la kifaa, bali eneo ambalo mtoto anaweza kuwamo au kuangukia kifaa kikitumika. Kwa kifaa kilichoinuka, miongozo ile ile inataka kama mita 1.8 ya nafasi salama kila upande. Tuliujaribu mserereko wa kawaida, yaani kifaa cha kutelezea, ule wenye ngazi nyuma, wa urefu wa mita 2 na upana wa nusu mita: ukiuzungushia nafasi hiyo unakula mita 5.6 kwa 4.1, yaani karibu ua wote, na kwa upana tulipungukiwa sentimita 10. Fundi mwingine alikuwa ameshaniahidi seti yenye mserereko, bembea mbili na ngazi ya kukwea, vyote kwenye fremu moja, akisisitiza kwamba inakaa popote. Kukaa ingekaa. Katika ngazi yake nilipima pia uwazi kati ya vipandio nikakuta sentimita 18, kipimo kibaya kuliko kinavyoonekana, kwa sababu uwazi wa kati ya sentimita 9 na 23 huweza kupitisha kiwiliwili cha mtoto mdogo anayetanguliza miguu, kisha kichwa kikakwama.

Kuna suala la sakafu pia. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zimetandaza pevingi ua mzima ili kukwepa matope ya masika, nami nawaelewa, ila hapo hapafai kuwekwa chochote cha kupanda. Nyasi na udongo ulioshindiliwa havihesabiki kuwa kinga. Mchanga uliolegea wa kina cha sentimita 23 unamkinga mtoto anayeanguka kutoka kimo kisichozidi mita 1.2, na hata huo lazima uchakurwe kwa reki mara kwa mara, maana ukikanyagwa na kunyeshewa unashikana. Kuujaza mchanga wa kina hicho katika eneo la mita 5.6 kwa 4.1 kungehitaji zaidi ya mita 5 za ujazo, na sikuwa tayari kumlipa mwenye lori kwa ajili ya mserereko mmoja.

Jibu lilikuwa nyuma ya stoo muda wote: lundo la udongo lililobaki tulipochimba shimo la maji taka. Mserereko ukilazwa juu ya kilima badala ya kusimamishwa kwa miguu, mtoto anayeteleza pembeni anaangukia udongo ulio karibu naye, hana kimo cha kuporomoka. Tulikusanya tairi chakavu 22 za magari madogo, tukazilaza matabaka manne, kila tabaka likirudi ndani nusu tairi, hivi kwamba kingo zenyewe zikawa ngazi. Kilima kina kimo cha sentimita 90 hivi, nacho hakigusani na ukuta, ili kisije kikawa daraja la kuhamia kwa jirani.

Tairi zina adabu zake. Nilizikataa zote zilizokuwa na nyaya zinazochomoza, kwa sababu waya wa tairi unachana ngozi kama wembe. La pili ni maji: tairi tupu ikinyeshewa huwa kitalu cha mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengue, na sisi tuliokuwepo Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 hatuhitaji kukumbushwa homa hiyo. Mjomba wao alizijaza udongo mpaka ndani ya mdomo wa mpira, akiusukumiza kwa mpini wa jembe, kazi iliyomchukua Jumamosi mbili na malalamiko mengi.

Kwa mserereko wenyewe nilichagua wa plastiki nene uliokwisha kutumika. Ninapoangalia plastiki ya mtumba naipitisha kiganja: ikiacha unga mweupe mkononi, jua limeshaila na itapasuka. Bati ningepata kwa bei nafuu zaidi, lakini bati la saa saba mchana huunguza mapaja ya mtoto.

Pembeni, mbali na mahali mserereko unapoishia ili anayeteleza asimkumbe aliyeketi, tuliweka sanduku la mchanga la mita 1.5 kwa 1.5, lenye kina cha sentimita 25. Hiyo ni kama ndoo 28 za lita 20, kirikuu kimoja, kile kigari kidogo cha mizigo, cha mchanga wa mto. Nakiri kwamba kama ningeanza na sanduku hili huenda nisingenunua kingine chochote, kwa kuwa hapo ndipo wanapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, wao na watoto wa wapangaji wa jirani, wakijipikilia kwa vifuu na sufuria isiyo na mkono. Kifaa cha mtu mmoja huzaa foleni, na foleni ya watoto wa miaka mitatu haidumu dakika moja bila kilio. Jioni tunalifunika kwa turubai, kwa sababu paka wa mtaa hawawezi kuuona mchanga laini wakaupita, na kinyesi chao hubeba vimelea.

Trampolini niliombwa, nikakataa. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani hakishauri iwekwe nyumbani, na majeraha mengi hutokea watoto wanaporuka wawili au zaidi kwa pamoja, nami sijui namna ya kumruhusu mmoja tu. Kamba ya kuanikia nguo, iliyokuwa ikikatiza ua kwenye usawa wa shingo ya mkubwa, imehamia upande wa stoo. Sehemu iliyobaki nimeiacha tupu, maana rede haihitaji kifaa zaidi ya mpira wa soksi.

Tatizo lililobaki ni jua. Ushauri wa nchi za kaskazini ni kuuelekeza mserereko kaskazini, lakini kwetu, nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi na mwelekeo hausaidii sana. Nimetundika neti ya kivuli kutoka duka la pembejeo, ambayo mpaka saa tisa alasiri inatosha, kisha jua linaingia chini yake kutoka magharibi. Kwa hiyo kila siku saa kumi mkubwa huenda kuweka mgongo wa mkono wake juu ya plastiki, akahesabu hadi tano, na akirudi kuniambia "bado, mama," wote wanarudi kwenye vifuu vyao.