Barabara Moja, Masafa Mawili

Mwezi uliopita mpwa wangu alifika hapa Shangani akitoka safarini, akatua begi barazani, na kabla hajamaliza kuniamkia akaanza kulalamika. Ndege yake ilizungushwa hewani karibu robo saa juu ya uwanja aliokuwa akiunganishia safari, na alipochungulia dirishani aliona ndege ya kijivu ya jeshi ikitua mbele yao. "Mjomba, wewe ulikuwa muongoza ndege. Sisi tuliokata tiketi tunasubiri wanajeshi kwa sheria gani?" Nilimsogezea sahani ya korosho kwanza, kwa sababu jibu lenyewe si fupi, na alipoondoka nikaona afadhali niliandike.

Miaka yangu mingi ya kazi niliitumia kwenye minara ya viwanja ambavyo barabara ya kuruka na kutua ni moja lakini wenyewe ni wawili: upande huu jengo la abiria, upande ule mabanda ya ndege za jeshi. Viwanja vya namna hiyo viko vingi duniani. Kule Goa, India, uwanja wa Dabolim uko ndani ya kambi ya Jeshi la Majini na wanajeshi ndio wanaoongoza ndege za abiria. Kule Charleston, Marekani, mambo yamegeuka, kwa kuwa barabara ni za jeshi lakini mnarani wamekaa raia. Sisi wa kusini mwa Tanzania jambo hili halitushangazi sana. Nilizaliwa Nachingwea, ambako uwanja wa ndege ni urithi wa ule mradi wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 na kuutupa mwaka 1951, na baadaye mji huohuo ukawa makao ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji. Tulikua tukijua kwamba kiwanja kinaweza kujengwa kwa shughuli moja kikaishia kutumika kwa nyingine.

Watu wengi, mpwa wangu akiwamo, hudhani kwamba cheo ndicho kinachopanga foleni. Kwa kawaida anayefika kwanza hutua kwanza, awe jenerali au mchuuzi wa samaki, isipokuwa kama kuna mwenye dharura au ndege iliyobeba mgonjwa. Kinachofanya ndege ya kivita ipewe nafasi mapema mara nyingi ni tangi lake: haiwezi kuzunguka saa nzima ikisubiri, ilhali ndege ya abiria hubeba akiba ya mafuta ya kusubiria na ya kukimbilia uwanja mwingine. Mwendo nao unahusika. Cessna Caravan, ile ndege ndogo wanayoifahamu watu wa Kilwa na Mafia, hukaribia kutua kwa mwendo wa kilomita kama 150 kwa saa, na ya kivita huja kwa zaidi ya 250. Ukiitanguliza ndogo huku ya kivita iko nyuma yake karibu, utalazimika kuirudisha mojawapo angani.

Tena ndege za kivita zina desturi yao ya kuingia. Haziji kwa mstari mrefu kama basi linaloingia stendi, bali hupita juu ya barabara kwa kasi, kisha moja baada ya nyingine hukata kona kali na kuzunguka kutua. Zikija nne kwa pamoja, kwa kanuni za kimataifa huhesabiwa kama ndege moja: jina moja la kuitwa, kiongozi mmoja anayejibu, na wenzake wasiachane naye zaidi ya kilomita 1 kwa upande na mita 30 kwa kimo. Mnarani nilikuwa na ubao wenye vipande vyembamba vya karatasi, kila ndege na kipande chake, navisogeza kwa kidole kadiri foleni inavyobadilika. Kipande kilichobeba ndege nne nilikuwa nakiweka kimeinama kidogo, ili jicho langu likumbuke kwamba pale hapako mmoja. Hakuna kitabu kilichonifundisha hivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mpwa wangu hakuliuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko nani atangulie. Ndege za kiraia huzungumza na mnara kwa masafa ya redio ya VHF, kati ya megahezi 118 na 137, na za jeshi mara nyingi hutumia UHF, masafa ya juu zaidi, kati ya 225 na 400. Muongozaji anaweza kusikia pande zote mbili na kuzisemesha kwa pamoja, lakini marubani wenyewe wasisikiane. Rubani wa abiria hujenga picha ya anga kwa kusikiliza wenzake wakijibu. Akisikia nusu tu ya mazungumzo, picha yake ni nusu.

Usiku wa tarehe 29 Januari 2025, jijini Washington, ndege ya abiria iliyokuwa inakaribia kutua iligongana na helikopta ya jeshi juu ya mto Potomac, na watu wote 67 wakafa. Uwanja ule si wa jeshi, ila wakati ule helikopta za jeshi zilikuwa zikipita jirani yake mara kwa mara. Muongozaji mmoja alikuwa anazungumza na ndege zote mbili, kila moja kwenye masafa yake. Aliiagiza helikopta ipite nyuma ya ile ya abiria, na wachunguzi wakaeleza kwamba huenda maneno ya kupita nyuma hayakusikika ndani ya helikopta, kwa sababu wakati huohuo kitufe cha kusemea cha helikopta kilikuwa kimebonyezwa kwa sekunde 0.8, na redio inaposema haisikii. Nimewahi kubonyeza kitufe kama hicho maelfu ya mara. Muda huo hautoshi hata kusema "shikamoo".

Na hata kusikia peke yake hakutoshi. Mwaka uliotangulia, tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa inapeleka misaada ya tetemeko iliambiwa ni namba moja, yaani ya kwanza kwenye foleni ya kuruka, isogee hadi kwenye kituo cha kusubiri. Nahodha wake alidhani ameruhusiwa kuingia barabarani, akaingia, akakaa pale kama sekunde 40, ndege ya Japan Airlines ikatua juu yake. Abiria na wahudumu 379 wa ndege kubwa walitoka salama. Watano kati ya sita wa ile ndogo walifariki. Baada ya hapo Wajapani walisimamisha kwa muda matumizi ya neno hilo la namba moja.

Mimi nilikuwa mkorofi katika hili. Nikimwambia rubani asimame kabla ya mstari wa barabara, nilitaka arudie agizo lote pamoja na jina la ndege yake. Akijibu "sawa" tu, namwita tena. Siku moja nilimwita rubani mmoja wa jeshi mara tatu, sauti yake ikizidi kukauka, hadi akarudia neno kwa neno. Jioni alipanda ngazi za mnara, kofia mkononi, nikajua amekuja kunisema. Akaomba aonyeshwe kipande chake cha karatasi kilikuwa wapi ubaoni wakati ule. Nilimwonyesha: cha pili, chini ya ndege ya abiria iliyokuwa nyuma ya wingu, ambayo kwenye redio yake hakuwahi kuisikia. Alikitazama kwa muda, kisha akauliza kama chai ipo.