Kuiamuru Maltimita Ikokotoe Yenyewe

Katika karakana yetu hapa Gerezani, Dar es Salaam, tunapima betri nyingi za sola, na vijana wanaojifunza kwetu hupenda kuvuta kila kipimo kutoka kwenye maltimita, yaani kipima-umeme, hadi kwenye kompyuta, kisha watafute wastani kwenye jedwali. Njia hiyo inafanya kazi. Hata hivyo, maltimita za mezani za daraja la HP 34401A zimetengenezwa zikiwa na hesabu zake ndani, na anayezijua amri za kundi la CALCulate huipa mita yenyewe kazi hiyo, kompyuta ikabaki kuuliza jibu tu. Amri hizi zimeandikwa kwa lugha ya SCPI, yaani lugha ya pamoja ya kuamuru vyombo vya kupimia, iliyowekwa mwaka 1990, na herufi kubwa katika kila neno huonyesha ufupisho unaokubalika, kwa hiyo CALCulate:STATe na CALC:STAT ni amri ileile.

Jambo la kwanza ninalomtaka kila fundi alishike ni kwamba hesabu hizi ziko za aina mbili. Null (kutoa thamani uliyoiweka kwenye kila kipimo), dB na dBm (kueleza kipimo kwa desibeli) hubadilisha namba yenyewe inayotumwa kwenye kebo: ukiweka Null ya omu 0.25 ili kuondoa ukinzani wa waya za kupimia, kila kipimo kitakachofika kwenye kompyuta kitakuwa kimeshapunguzwa omu 0.25, na programu isiyojua hilo itakipunguza mara ya pili. Wastani na ukomo (kukagua kama kipimo kimevuka mpaka wa chini au wa juu) haziigusi namba. Vipimo hupita kama vilivyo, huku mita ikiandika pembeni, kama karani mwenye daftari lake, na usipouliza hutaambiwa.

Jambo la pili ni mpangilio, na hapa ndipo saa nyingi za kazi hupotea. Amri ya MEAS:VOLT:DC? ni rahisi kwa sababu hupanga mita na kupima kwa mkupuo mmoja, lakini katika kupanga huko huizima hesabu yoyote uliyokuwa umeiwasha, na CONF, inayopanga bila kupima, nayo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kupanga hutangulia, hesabu hufuata, na kupima huja mwisho kwa READ?. Kwa betri ya volti 12 sisi hutuma hivi, mistari miwili ya kwanza ikiirudisha mita kwenye hali ya mwanzo na kufuta kumbukumbu za makosa:

*RST
*CLS
CONF:VOLT:DC 100
SAMP:COUN 60
CALC:FUNC AVER
CALC:STAT ON
READ?

Anayetumia mlango wa siriali aanze na SYST:REM kabla ya haya yote. Tumechagua masafa ya volti 100 kwa makusudi, maana masafa ya volti 10 kwenye mita hii huishia volti 12, na betri iliyojaa na kupumzika huwa juu ya hapo. Vipimo 60 vikishapita, CALC:AVER:AVER? huleta wastani, CALC:AVER:MIN? na CALC:AVER:MAX? huleta kiwango cha chini na cha juu, na CALC:AVER:COUN? hueleza vipimo vingapi vimehesabiwa. Mimi huanza na hiyo ya mwisho, kwa sababu wastani usiojulikana umetokana na vipimo vingapi haunisaidii kumwambia mteja lolote.

Ukomo unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mita hupokea thamani hizo ikiwa hesabu imeshawashwa. Tuma CALC:FUNC LIM, kisha CALC:STAT ON, ndipo utume CALC:LIM:LOW 12.4 na CALC:LIM:UPP 12.9. Jibu hulipati kwenye kipimo bali kwenye rejista, yaani kumbukumbu ndogo ya hali ya mita, kwa kuuliza STAT:QUES:EVEN?: 2048 maana yake kipimo kimeshuka chini ya ukomo, na 4096 maana yake kimepita juu. Rejista hiyo hujifuta mara inaposomwa, hivyo programu iihifadhi namba hiyo papo hapo, kwani swali la pili halitaleta jibu lile la kwanza.

Wanaoshughulika na vyombo vya sauti watapata faida katika dBm, ambayo kwa kawaida huchukua ukinzani wa omu 600, na hivyo 0 dBm huwa takribani volti 0.775. Ukinzani huo hubadilishwa kwa CALC:DBM:REF.

Kwenye 34401A ni hesabu moja tu inayofanya kazi kwa wakati mmoja. Mita mpya zaidi kama 34461A zimeipa kila hesabu swichi yake, CALC:AVER:STAT na CALC:LIM:STAT, hivyo wastani na ukomo huenda pamoja, na Null imehamishiwa kwenye amri za kipimo chenyewe, kwa mfano VOLT:DC:NULL:STAT ON. Kwa sababu hiyo programu zetu zote huanza kwa kutuma *IDN? na kusoma jina la mita iliyojibu, ndipo zichague amri za kutuma.