Skafu ya mapumziko

Juzi tulikuwa tunahamisha kabati, kijana wangu akaibuka na skafu ya njano na kijani kutoka chini ya mashuka ya zamani. Akainyoosha, akainusa, akaweka kidole kwenye doa la kahawia karibu na pindo.

"Baba, hili doa la nini?"

La kahawa, nikamwambia, nikidhani yameisha.

"Hii ndiyo ile ya babu?"

Hapo nikakwama. Nimeshamwambia, tena si mara moja, kwamba Uyanga wa nyumba hii tumeurithi kwa babu yake. Babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Makete, mkulima wa viazi na pareto, na redio yake ilikuwa ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Sikumbuki hata siku moja nimsikie akitaja timu.

Ukweli ni huu hapa, na mama yake asimwonyeshe.

Mwaka 2013 nilikuwa na miezi minne Dar, nauza spea za pikipiki kwenye duka la mtu Kariakoo. Mnaijua Kariakoo. Huku Mtaa wa Msimbazi na Simba yao, ukitembea kidogo unaangukia Twiga na Jangwani kwa Yanga, halafu uko wewe katikati na shati lako la bluu. Mteja hajauliza bei ya cheni, anauliza wewe nani. Ukisema huna timu, wanakuangalia kama mtu anayeficha kabila lake. Bosi wangu, Simba kindakindaki, aliniambia kwa upole kabisa kwamba mtu asiye na timu si wa kumwachia ufunguo wa droo ya hela.

Nikaamua kuchagua. Ila nilitaka nichague kwa akili, kama mtu anayenunua pikipiki, usikilize injini kwanza. Watani walikuwa wanakutana Jumapili, tarehe 20 Oktoba. Atakayekuwa bora siku hiyo, huyo wangu.

Hela ya kwenda Uwanja wa Taifa sikuwa nayo. Nikaenda kijiwe cha kahawa nyuma ya duka: mabenchi mawili, sahani ya kashata, redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisitoke. Simba benchi la ukutani, Yanga benchi la barabarani, bosi wangu mwisho kabisa wa benchi lake. Mimi nikachuchumaa katikati, juu ya ndoo.

Kipindi cha kwanza hakikuhitaji akili. Akafunga Ngassa. Akafunga Kiiza. Akafunga tena Kiiza. Tatu bila, mapumziko.

Benchi la barabarani halikukalika. Kumbuka, Mei ya mwaka uliotangulia Simba walikuwa wamewafunga tano bila, na zile tano zilikuwa bado hazijamtoka mtu rohoni. "Zimebaki mbili tu!" jamaa mmoja alikuwa anaonyesha vidole viwili kwa kila anayepita, hadi wauza maji. Wa ukutani wanachungulia vikombe kama wamepoteza kitu humo ndani.

Akapita machinga na skafu begani. Nikamwita. Elfu tatu, akagoma kabisa kupunguza: "Leo hii haishuki, kaka." Nikalipa, nikajifunga, Oktoba ile, joto lile. Benchi la barabarani likalipuka. "Karibu Jangwani, dogo!" Wakanivuta niketi nao. Sijawahi kupata ndugu wengi hivyo kwa shilingi elfu tatu.

Mzee wa kahawa peke yake ndiye hakushangilia. Alikuja na birika, akanimiminia kikombe ambacho sikukiomba.

"Umeingia leo?"

"Leo, mzee."

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha redio. "Tatu bila."

Akagonganisha vikombe mkononi, kiasi, kama mtu anayewaza. "Unajua nani kakaa kwenye benchi la Sunderland leo?" Jina la Simba lilibadilishwa tangu 1971, yeye bado aliwaita Sunderland. "Kibadeni, ndiye kocha wao. Sabini na saba alitutia matatu peke yake, siku ile ya sita bila. Mimi nilikuwepo." Nikachelewa kidogo kuisikia ile *alitutia*. Miezi minne nakunywa kahawa yake, sikujua kuwa ni Yanga. "Kunywa, mwanangu. Inapoa."

Mombeki akarudisha moja. Tukasema hiyo ya kufutia machozi. Owino akarudisha ya pili kabla hatujamaliza kusema. Basi nikaanza kuisikia skafu inawasha shingoni. Nikapeleka mkono polepole, kama mtu anayejikuna, nikalegeza fundo. Nilipoinua macho, mzee ananitazama. Hakusema kitu. Akatikisa kichwa mara moja tu, hapana, akaendelea kupuliza makaa yake.

Nikarudisha mkono magotini.

Zikiwa zimebaki dakika chache, Kaze. Benchi la ukutani liliruka lote kwa pamoja, mtu akapiga teke jiko, birika likaegama, na kahawa yote ikanimwagikia kifuani. Nilikaa vilevile, natiririka, tatu tatu.

Mpira ukaisha hivyo. Sare. Simba wanakumbatiana kama wamebeba kombe, sisi tunatawanyika bila kuagana kama tumetoka kuzika. Hesabu yake sijaielewa mpaka leo, maana pointi tuligawana sawa.

Kesho yake nilikwenda kazini na skafu, haijafuliwa. Ningeiacha nyumbani, nani angenidai? Bosi alicheka mpaka akashika kaunta. Alipomaliza akanitupia ufunguo wa droo. "Sasa najua namtania nani," akasema.

Zile tano zilikuja kulipwa tarehe 5 Novemba 2023, tano moja. Nililia sebuleni, mbele ya watoto, machozi kabisa, na ndipo kijana akauliza kwa nini baba analia, na ndipo babu akaingia kwenye hadithi. Ilinitoka tu. Ningemwambia nini, kwamba baba yako aliifuata timu kwa sababu ilikuwa inaongoza, akabaki nayo kwa sababu mzee mmoja alimtikisia kichwa?

Kile kijiwe hakipo, pamejengwa ghorofa. Mzee sijui alihamia wapi.

Kijana alikuwa bado amesimama na skafu, anasubiri. Nikamwambia ndiyo, ni ya babu. Akaikunja kwa adabu, doa likae ndani.

"Kumbe babu alikuwa anapenda kahawa?"

"Sana," nikasema.