Saba ya Banani

Boti ilitushusha bandari ya Mkoani, kisiwani Pemba, wengine bado wameshika mifuko yao ya kutapikia, maana mkondo wa Pemba haumjali mzoefu wala mgeni. Nikapanda gari ya mjini Chake Chake. Njia nzima ni vilima na mikarafuu, na kila penye nafasi kando ya lami pametandikwa jamvi, karafuu zinaanikwa. Dereva wetu alizikwepa kwa adabu kuliko alivyowakwepa kuku.

Safari yangu ilikuwa ya Banani, karibu na Chake, na kipande cha mwisho nilikwenda kwa miguu. Mwaka 1897 Sultani wa Zanzibar alitoa amri ya kufuta utumwa, Waingereza wakiwa wamemsimamia kichwani. Amri yenyewe ilikuwa na kona zake: mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, bwana alipwe fidia, na masuria wasubiri hadi 1909. Mwaka huohuo wa 1897 Waquaker wa Uingereza, watu wa dhehebu la Kikristo, walifika Pemba. Wakanunua shamba la karafuu hapa Banani, wakawa wanawalipa ujira walioachwa huru, na wakaweka skuli.

Mzee niliyemfuata hakusoma skuli hiyo. Nilimkuta barazani, bakora mapajani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuchuma?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza habari za skuli. Akacheka mpaka akakohoa.

Baba yake alikuwa Mnyamwezi, aliyevuka bahari kuja kupalilia mikarafuu ya watu. Kumpeleka mwanawe kwa Wazungu hakutaka, akihofia atarudi Mkristo. Skuli ya serikali nayo wazee wengi waliiona ya makafiri, hadi Kurani iliporuhusiwa kusomeshwa humo ndipo wakalegea. Kwa hiyo yeye alikwenda chuoni, kusoma Kurani, na chuo nacho kilikuwa na mshindani. Msimu ukiingia, watu wazima hupanda juu, watoto huvuta matawi ya chini kwa upembo, kijiti chenye kigoe. Usiku ni kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, kibatari katikati, na malipo kwa pishi, kipimo cha vibaba vinne. Asubuhi nani ataamka kusoma?

Baadaye alipelekwa skuli ya serikali. Mwalimu akamuuliza kama anajua kusoma, akasema ndiyo. Akapewa kitabu cha herufi za Kizungu, akakikodolea macho. Akawekwa na watoto wadogo.

"Na pishi za watu nani alikuwa akiziandika?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye mwalimu yule.

Alikuwa akiziandika yeye. Baba yake hakujua kuandika, na msimamizi hakuaminika, basi mtoto aliweka hesabu ya familia yao kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu: jina, siku, pishi, kibaba. Kwangu huyo ni karani. Daftari la skuli lilimhesabu hajui kusoma, naye alidumu miaka miwili tu akarudi mikarafuuni.

Akainamisha bakora, akachora tarakimu moja ya Kiarabu mchangani.

"Haya, soma. Pishi ngapi?"

Chuo nimepita na mimi, nikajibu upesi: "Nane."

"Saba," akasema. "Njoo ukae upande huu."

Nilikuwa nimemkalia mkabala, nikiisoma juu chini.