Miezi kumi na moja ya mzungu wa nne

Miezi kumi na moja mimi na mume wangu tulilala mzungu wa nne, kichwa changu kwenye miguu yake. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema feni inampiga kichwani, nami wiki ya kwanza nikamwamini.

Tunakaa Tanga. Yeye anaendesha basi la Dar, mimi nashona. Nilipoona hali haibadiliki nilikwenda kwa somo yangu, yule yule aliyenifunda kabla ya harusi. Akaniuliza kama bado nafukiza udi, na shanga ziko kiunoni au kabatini. Zilikuwa kabatini, sikatai. Nikazitoa, nikanunua asumini, nikatandika shuka jipya. Baba watoto akaingia, akanusa, akasema, "Leo harusi ya nani?" Kisha akageukia ukutani. Nililia mpaka adhana ya alfajiri.

Basi nikajua ana mwanamke. Kila niliyemweleza alisema hivyo hivyo: ndoa bila unyumba imekwisha, unangoja nini? Nikaenda ofisi ya kata kuulizia talaka. Karani akaniambia mahakama haipokei shauri kabla baraza la usuluhishi wa ndoa halijawasikiliza, ndivyo inavyotaka Sheria ya Ndoa ya 1971. Akanitajia yanayohesabiwa kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika: zinaa, ukatili, kutelekezwa kwa miaka mitatu, na mengineyo. Nikatega sikio nisikie la kwangu. Feni hakuitaja.

Barazani nilijiandaa kwa aibu. Lakini mama mmoja mtu mzima, kanga begani, hakugusa habari za kitandani kabisa. Aliuliza, "Wanangu, mara ya mwisho mmekula sahani moja lini?"

Tukatazamana. Zamani nilikuwa napakua wali kwenye sinia, tunakula wawili, ananisogezea minofu ya samaki yeye akibaki na kichwa. Nilipoanza kupokea tenda za sare za shule nikawa namwachia chakula kwenye hotipoti. Anarudi saa tano usiku, anakula peke yake, nami niko kwenye cherehani, nimempa mgongo. Hilo lilianza kabla ya feni, na nililianza mimi.

Usiku ule nikatoa sinia. Tulikula kimya. Alikula matonge machache, akanywa maji bilauri nne. Nikamwuliza, "Mume wangu, kiu yote hii ya nini?" Akainuka, akarudi na kadi ya kliniki iliyokunjwa mpaka imechakaa, akaiweka kando ya sinia. Sukari. Tarehe ya kupimwa ilikuwa wiki mbili kabla ya feni.

Aliogopa kunyang'anywa usukani. Aliogopa zaidi nisije nikajua kwamba mwili ulikuwa umeanza kumkatalia. Dawa za kliniki alikuwa ameziacha, badala yake ananunua unga wa mizizi stendi. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote, kwa kuwa lingeweza kumuua.

Tulirudi kliniki pamoja. Daktari alieleza bila kumung'unya maneno: sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na wanaume wengi huathirika kitandani. Unga wa stendi ukatupwa. Siku ambazo hana safari tunatembea jioni mpaka Raskazone, na mazungumzo mengi yamefanyika barabarani kuliko ndani. Gizani tukiwa tunatazama mbele, anasema mambo ambayo mezani hayasemi.

Siku hizi nikisikia kwamba ndoa nyingi zinavunjwa na kukosa unyumba, nauliza kwanza ni nini kilichotangulia kukosekana. Shoga yangu wa Ngamiani aliachika, na kitandani hawakuwa na shida hata siku moja. Kilichomtoa ni kiwanja chake cha urithi, kiliuzwa bila yeye kuambiwa. Sisemi kitanda si kitu. Ile miezi kumi na moja nilijiona kama mpangaji ndani ya nyumba yangu.

Hayajarudi yote. Kuna usiku anasema, "Leo sukari imegoma," tunacheka, tunalala. Mto wake uko upande wangu sasa, na feni iko pale pale, inampiga kichwani.