UPS haijafa, betri ndiyo imekwisha

Stoo za ofisi nyingi hapa Mwanza zina rundo la UPS, yale masanduku ya betri yanayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, zilizoandikwa "mbovu" kwa kalamu ya maka, na juu yake zinawekwa mpya. Habari ya kuzima kompyuta jioni ili kuokoa umeme kila mtu keshaambiwa. Hili la betri halisemwi. Mara nyingi kilichokwisha ni betri ya volti 12 tu, lakini inatupwa mashine nzima.

Pima kwanza. Chaji usiku kucha, itoe betri, iache itulie saa chache, kisha weka mita ya volti. Nzima husoma karibu volti 12.8. Namba hiyo peke yake inadanganya, kwa hiyo unganisha betri na balbu ya gari ya wati 21 kwa robo saa. Ikishuka chini ya volti 11, hiyo ni ya kubadilisha.

Dukani, betri za 7Ah na 9Ah (Ah ni kiasi cha umeme inachobeba) kwa kawaida zina kasha moja: milimita 151 kwa 65 kwa 94. Angalia ncha, kwani zipo za milimita 4.8 na 6.3, na klipu iliyolegea hupata moto. UPS ya betri mbili hubadilishiwa zote kwa pamoja. Kuukuu huivuta mpya chini. Mpya inayosoma pungufu ya volti 12.5 imekaa sana rafuni, iache hapohapo.

Muuaji mkubwa ni joto. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wa betri karibu nusu, na chumba cha bati kisicho na dari kinafika huko mchana mapema. Ongeza wadudu wa ziwani: wanafuata taa usiku, wanakufa kwenye matundu ya hewa, hewa haipiti. Piga brashi kila mwezi. Printa ya leza ichomekwe ukutani, maana inapopasha moto huzidi uwezo wa UPS ndogo. Na umeme ukikatika Ijumaa jioni, zima UPS kwa kitufe. Betri iliyoachwa tupu hadi Jumatatu huanza kuganda salfeti, yaani chembe ngumu kwenye bamba zake za risasi.

Betri iliyokwisha ni risasi na tindikali. Ikipasuliwa mtaroni, mvua ya kwanza inaipeleka Mto Mirongo, kisha ziwani, tunakochota maji. Wala asipewe mtu anayeyeyusha risasi uani kwa sufuria: moshi wake unaingia kwa watoto. Ziba ncha kwa utepe, zisimamishe kwenye kreti ya plastiki, subiri zifike kama ishirini, umwite mkusanyaji mwenye kibali. Ofisi ya NEMC (wasimamizi wa mazingira) Kanda ya Ziwa Victoria iko hapahapa mjini, ulizeni. Risasi ina bei, kwa hiyo pima kilo mbele yake na udai risiti.