Kuonja bia bila kujua chapa: kazi kubwa ni ya mmiminaji

Muulize mnywaji wa Mwanza kama anaweza kutofautisha Safari na Balimi kwa ulimi tu, atakujibu kabla hujamaliza swali. Sasa muwekee vikombe vitatu visivyo na jina, viwili vya bia moja na kimoja cha nyingine, umwambie akitoe kile cha pekee yake. Ubishi mwingi wa baa huishia hapo. Kwa klabu ya watu wanaopika bia nyumbani faida ni kubwa zaidi, maana utajua kama hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) ulizobadilisha zinaonjeka kweli au zimeishia kwenye daftari lako.

Jaribio hili la vikombe vitatu lilitumika kwenye kiwanda cha Carlsberg, Copenhagen, tangu miaka ya 1940, na kwa klabu changa sioni la kulishinda. Wengi huanza na karatasi za alama, moja hadi kumi. Kila bia inapata sita na nusu, watu wanapigiana makofi, na hakuna aliyejifunza kitu. Alama waachieni siku ambayo wanachama wameshathibitisha kwamba wanachokisifia wanakionja.

Mtu akibahatisha tu, ana nafasi moja kati ya tatu ya kupatia. Kwa hiyo wakiwa 12, wanne hivi watapatia hata wakiwa na mafua. Ili useme tofauti ipo, na uwezekano wa kudanganywa na bahati uwe chini ya 5 kwa 100, wapatie angalau 8. Wakiwa 9, wapatie 6; wakiwa 15, wapatie 9; wakiwa 18, wapatie 10. Wakipatia 7 kati ya 12 usitangaze kwamba bia zinafanana. Kilichotokea ni kwamba tofauti haijathibitika siku hiyo.

Mmiminaji haonji, na anayepeleka vikombe mezani hajui kilichomo. Wawe watu wawili, mmoja jikoni na mwingine mlangoni, kwa sababu uso wa anayejua husomeka. Vikombe vipewe namba za tarakimu tatu zilizochaguliwa ovyo, kama 417, 862 na 295. A, B, C hazifai. Watu huipendelea herufi ya kwanza bila kujijua. Mpangilio nao uzungushwe, maana kikombe cha katikati hutuhumiwa bure. Kwa bia mbili, tuziite A na B jikoni tu, kuna mipangilio sita: AAB, ABA, BAA, BBA, BAB na ABB. Wakiwa watu 12, kila mpangilio uende kwa wawili, na karatasi yenye ufunguo, yaani namba ipi ni bia ipi, ibaki jikoni.

Kiasi kinachotosha ni mililita 60 kwa kikombe. Watu 12 wanahitaji vikombe 36, yaani 18 kwa kila bia, sawa na mililita 1,080. Kwa hesabu kavu chupa mbili za mililita 500 na kidogo zingetosha, lakini kuna povu na kuna machicha ya hamira, kwa hiyo andaa tatu za kila bia. Zote tatu zimiminwe kwanza kwenye jagi moja, taratibu, zikiteremka ukutani mwa jagi, na sentimita 2 za mwisho chupani ziachwe. Chupa za nyumbani hutofautiana gesi hata zikitoka kwenye ndoo moja. Usipozichanganya, mwonjaji anaweza kukupa jibu la chupa ukadhani ni jibu la mapishi.

Gesi ndiyo huharibu majaribio mengi. Umetaka kupima hopsi, lakini bia moja ilifungwa chupani na sukari ya kuleta gesi gramu 4 kwa lita na nyingine gramu 7. Watu watapatia vizuri sana, kwa kufuata mchomo wa ulimini, na wewe utaondoka ukizisifu hopsi. Rangi nayo huuza siri, hasa bia ya nyumbani yenye ukungu ikiwekwa na ya kiwandani iliyochujwa. Zungushia glasi foili hadi karibu na mdomo, au waonjaji wakae chumba chenye taa nyekundu.

Kwa baridi, msitegemee friji, umeme una tabia zake. Ndoo kubwa yenye barafu na maji hupoza chupa zote kwa kiwango kimoja. Barafu ya wauza samaki ni rahisi kupata, ila ukiitumia futa kila chupa kabla ya kumimina, la sivyo utasikia harufu ya sangara kwenye bia isiyo na kosa. Pima majagi yote mawili kwa kipimajoto. Nyuzi 8 hadi 10 zinatosha. Ile bia ya baridi kali tunayoagiza baa, nyuzi 3 au 4, huficha makosa yote.

Mahali pasiwe karibu na sato anayekaangwa wala mwalo unapoanikwa dagaa. Upepo wa ziwa mchana huleta harufu zote hizo sebuleni. Saa nne asubuhi ni nzuri. Manukato, udi na mafuta ya midomo vibaki nyumbani. Mezani wekeni maji na mkate mweupe mkavu. Karanga za chumvi na nyama choma zingoje.

Kuna makosa ambayo wapikaji wa huku wayajue mapema. Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini, na ikiingia kwenye bia huzaa harufu ya plasta ya kidonda. Chemsha maji, yaache wazi usiku kucha, ndipo upike. Chumba cha nyuzi 28 huifanya hamira nyingi itoe ndizi na mchomo wa spiriti, isipokuwa aina zinazostahimili joto kama kveik ya Norwei. Na kwa kuwa tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Maji yaliyokamuliwa kwenye kimea cheupe (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) yachemshwe dakika 90, la sivyo bia inanukia mahindi ya kuchemsha.

Kufundisha pua hakuna gharama. Tia mililita 2.5 za siki nyeupe kwenye bia ya mililita 500, uilinganishe na isiyotiwa. Nyingine imimine kwenye glasi angavu, iweke juani nusu saa; mwanga ukikutana na hopsi huleta harufu mbaya, na ndiyo sababu chupa za kahawia ni salama kuliko za kijani.

Raundi zisizidi tatu, jumla mililita 540 kwa mtu, na ndoo ya kutemea iwepo kwa atakayeendesha pikipiki. Asiongee mtu hadi karatasi zote zikusanywe. Mmoja akisema "ndizi", meza nzima itanusa ndizi. Baada ya kufunua ufunguo, waulizeni waliopatia tu walionja nini. Maelezo ya waliokosea hayaandikwi, hata kama aliyekosea ni mwenyekiti.